Bado Mmoja Nyuma

Nyumba ya Nyuma ya Kanisa,
Saint-Aubrin-des-Étangs,
Morvan, Ufaransa.

Jumatano, 12 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Aurélien,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, pamoja na baridi yetu, ingawa najua huko kwenu Rimouski baridi hii ni ya kuchekwa. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Na wifi yangu Maude, kile kifua kimepoa? Na Clémence wangu, bado anavaa ile sweta niliyomfumia, au keshanenepa kama shangazi yake? Mwambie safari hii akinijibu kwa picha tu bila maneno, nitamkana.

Sisi ni wazima. Mama yu mzima kwa jinsi mtu wa miaka themanini na sita anavyoweza kuwa mzima: anakula, anagomba, anasema mkate wa siku hizi umejaa hewa. Macho ndiyo yanamwacha kidogo kidogo. Kila tukikaa mezani ananiuliza kama kuna bahasha yenye stempu ya Kanada. Namwambia bado. Anageuza kijiko chake upande wa pili.

Makaburi ya Baba na Rémi nimeyapelekea maua ya Watakatifu Wote, vyungu viwili vya njano na kimoja cha zambarau. Cha zambarau ni kwa niaba yako, kama kila mwaka. Barafu ya alfajiri imeshayaunguza. Kijijini tumebaki watu tisini na mmoja, na nyumba za Waholanzi na za watu wa Paris zimefungwa madirisha mpaka Pasaka. Ukipita barabara ya kanisa unasikia viatu vyako tu.

Barua hii itakuwa ndefu, na si ya habari za maua. Kuna neno nililokuambia miaka kumi na miwili iliyopita mbele ya kanisa, siku tuliyomzika kaka yako Rémi. Tangu hapo sijalitaja tena, kwa barua wala kwa simu, nawe hujarudi nyumbani hata mara moja. Leo nitalitaja. Nakuomba usiikunje barua kabla ya kufika mwisho. Ukitaka kunitukana, nitukane ukishamaliza.

Mwaka huu mimi ndiye niliyekuwa mfagia njia wa ile safari ya baiskeli ya kijiji. Umesoma vizuri. Mzee Lucien alibadilishwa nyonga mwezi wa tisa. Tangu ulipoondoka amekuwa akiifanya kazi ile mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Alikuja hapa na magongo yake, akakaa jikoni bila kukaribishwa.

"Odile, baiskeli unayo?"

"Ninayo. Ya betri."

"Betri si dhambi. Jumapili utafunga njia."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wengine wote niliowaomba wanaumwa mgongo. Kijiji kizima migongo imeoza, sijui tumelogwa!"

Nikakubali, kwa ukaidi tu. Na usinicheke kwa hiyo betri. Nina miaka hamsini na tisa, na mlima wa Montrebeau haujapungua.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi, maana mimi siku zote nilikuwa wa kukata mikate. Lakini acha nikuandikie jinsi Mzee alivyonifundisha, ili uone kama alinifundisha sawa. Mfagia njia huondoka dakika kumi baada ya wote. Anakata kila utepe uliofungwa kuonyesha njia na kuutia mfukoni, anafuta kila mshale wa chokaa kwa kiatu. Kila njia panda anasimama, anaita mara tatu, anasikiliza. Akifika kituo cha mwisho, pale Chazelles, anaitazama karatasi ya namba za waliopita, kisha anatia saini chini ya ile sentensi moja: Nyuma yangu hakuna mtu. Akishasaini, supu inafunikwa, meza zinakunjwa, kila mtu anakwenda kwake kula.

Jumapili tulikuwa na waendesha baiskeli sabini na watatu. Ukungu uliingia tangu Ijumaa na ulionekana una nia ya kuhamia. Saa tatu asubuhi Mzee Lucien alipuliza filimbi mbele ya ukumbi wa kijiji, wakaondoka kwa makundi huku wakitaniana kama kawaida, na walipofika kwenye mnara wa askari waliokufa vitani wakatoweka mmoja mmoja. Nilisikia breki ikilia, mtu akimwita mamaye, kisha kimya. Nikasubiri dakika zangu kumi peke yangu, filimbi ya Mzee shingoni. Zilikuwa ndefu, dakika hizo.

Nilipita Montrebeau bila kuuona mnara wake. Lango la ukuta wa kale lilikuwa linatiririka maji, na ndani ya kuta hakukuwa na dirisha hata moja lililo wazi. Kuku mmoja alisimama katikati ya njia akanitazama, hakukimbia. Kila njia panda niliita, "Kuna mtu?" mara tatu, nikasikiliza. Sauti haikuwa ikifika mbali. Ilikuwa inafia palepale mdomoni, na mimi dada yako, nisiyeogopa hata nguruwe mwitu, nikaanza kuita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kujibiwa.

Nilikuwa nakata utepe pale kwenye birika la kufulia la Lavault, ile nguzo ya mawe ya kushoto, ndipo nikausikia ule mlio. Tik-tik-tik-tik, wa haraka, kisha wa polepole, kisha ukakoma. Ulitoka nyuma yangu, upande niliotokea.

Unaujua mlio ule. Hakuna baiskeli nyingine Morvan nzima iliyokuwa ikilia hivyo inapoachiwa kuteremka bila kupigwa pedali. Unakumbuka jinsi Rémi alivyokataa kulitia mafuta lile gurudumu lake la nyuma? "Baiskeli ya kimya ni ya mwizi," alikuwa akisema. Na Mama alikuwa akijua kuwa amefika kona ya kanisa kabla hajamwona, anaanza kumpakulia.

Nilijiambia, Odile, umelala vibaya. Baiskeli yangu hailii hivyo, inavuma tu kama jokofu. Nikaita, "Nani hapo?" Yakajibu maji ya birika. Nikasema kwa ule ukali wangu unaoujua, "Kama ni mtu wa mzaha, mzaha wako umeoza!" Hakuna kitu. Nikapanda baiskeli nikaenda.

Ulinifuata kilomita tano, Aurélien. Njia ikipanda, kimya. Njia ikiteremka, tik-tik-tik nyuma yangu, umbali uleule, nikisimama nao unasimama baada yangu kidogo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ingekuwa ni masikio yangu tu yaliyochoka, yangejuaje kunyamaza mlimani, pale mtu anapopiga pedali? Niliangusha kisu cha kukatia tepe mara mbili. Sikugeuka kukitafuta kwa macho, nilikipapasa.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye njia panda ya machimbo ya mawe.

Unajua nimekuwa nikipita mbali na mahali pale. Tangu kifo cha Rémi, Mzee Lucien kila mwaka hufunga wavu wa rangi ya chungwa kati ya misonobari miwili, kuizuia ile njia ya mkato inayopita ukingoni mwa machimbo na kutokea nyuma ya nyumba zetu. Niliukuta wavu umelegea upande mmoja, umeshuka hadi magotini. Nikadhani ni unyevu. Nikaukaza kwa fundo la Baba, lile alilotufundisha la kufungia nyasi za ng'ombe. Kisha nikaita. Niliita mara moja, si tatu. Nilitaka kuondoka pale, basi. Nakuandikia kama ilivyokuwa, sina cha kujipamba.

Kutoka pale hadi Chazelles ni mlima, kwa hiyo mlio ulikoma, nikamshukuru Mungu kwa mlima kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilifika saa sita kasoro dakika chache. Bi Josette, mke wa Mzee Lucien, alikuwa mezani na karatasi yake, sufuria ya supu inafuka, na watatu wanne waliobaki wameshika vikombe vya mvinyo wa moto. Miwani ya Bi Josette ilikuwa imejaa mvuke.

"Karibu mfagiaji! Mbona mweupe hivyo? Sabini na wawili wamepita. Amebaki thelathini na nane."

"Thelathini na nane ni nani?"

"Ghislain wa matrekta."

Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Ghislain? Huyo saa hizi yuko kwake, kitambaa shingoni! Mkewe Sabine kapika sungura wa haradali leo, harufu yake imefika mpaka Lavault."

Na Bi Josette akanisogezea karatasi na kalamu. "Huyo kaenda kula. Saini, mwanangu, twende zetu na baridi hii."

Nikasaini.

Nilikuwa bado nimeshika kalamu kengele ya Chazelles ilipoanza kupiga saa sita. Bi Josette akapakua supu, mabakuli mawili.

"Na mwenzako hanywi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo uliyekuja naye. Kasimama pale ukutani na baiskeli yake, hata hasogei. Mwambie aje, hatumli."

Niligeuka. Ukuta wa kanisa ulikuwa pale, na ukoga wake, na ukungu. Hapakuwa na mtu. Bi Josette akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akatazama tena. Akarudisha supu ya bakuli la pili kwenye sufuria bila kuniangalia usoni.

Unajua kengele ya Chazelles, kama ya kwetu, hupiga saa mara mbili, ya pili baada ya dakika kama mbili, kwa ajili ya asiyeihesabu vizuri ile ya kwanza. Ilipoanza kupiga tena, katikati ya yale mapigo nikasikia gurudumu la Rémi. Tik-tik-tik-tik. Lilikuwa linateremka kule nilikotoka, kuelekea machimbo.

Hapo ndipo nilipousikia mdomo wangu mwenyewe. Maana yale maneno hayakuwa ya Bi Josette, yalikuwa yangu. Huyo kaenda kula, saini, twende zetu na baridi hii. Miaka kumi na miwili iliyopita wewe ulikuwa umesimama mahali pale pale, mvua ikikuchuruzika, umeshika karatasi, umeniambia namba ya Rémi haijapita. Nami nilikuwa upande wa pili wa meza na kisu cha mkate. Wewe ulisita, Aurélien. Ulitazama nyuma, mlimani. Mimi ndiye niliyecheka, nikasema kaka yako kakata njia kama kawaida yake, Jumapili hii Mama kapika ulimi wa ng'ombe, saini twende. Nilikushika mkono nikakutilia kalamu.

Jumatatu wakamtoa majini, kule machimboni.

Na Alhamisi, mlangoni mwa kanisa, ulipokuja kunikumbatia, nilikuambia mbele ya watu wote: "Wewe ndiye uliyesaini."

Polisi walipouliza, uliwaambia uliamua mwenyewe. Hukunitaja. Hukumwambia hata Mama. Majira ya kuchipua ukaondoka, na mimi nikawaambia watu umepata kazi nzuri ya mbao Kanada. Niliisema sana habari hiyo ya mbao, hadi nikaiamini.

Basi Jumapili nikalikata jina langu kwenye karatasi, mistari miwili, nikamwambia Bi Josette, "Mpigie Sabine. Muulize kama yupo." Sikungoja jibu. Niligeuza baiskeli nikateremka, na safari hii mlio ulikuwa mbele yangu, nami ndiye niliyekuwa nafuata. Nililia njia nzima, kwa woga, kwa aibu, sijui kwa nini kingine.

Pale njia panda wavu haukuwepo mitini. Ulikuwa umefunguliwa, umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya jiwe. Mzee Lucien anasema ni upepo. Ukungu wa siku tatu, na upepo! Fundo la Baba halifunguki kwa upepo, wewe unajua, tulikuwa tukivunja kucha. Niliuchukua ule wavu kwapani, sijui hata kwa nini, nikaacha baiskeli, nikashuka kwa miguu.

Tik-tik mbele, hatua ishirini hivi. Kisha ukakoma. Niliponusa maji nikasimama, kwa sababu sikuona hata viatu vyangu. Nikaita. Mara hii niliita mara tatu, na kwa sauti yote niliyonayo.

"Acha kuzungukazunguka huko juu, njoo unisaidie!" Sauti ilitoka chini ya miguu yangu.

"Ghislain? Ni Odile."

"Najua ni mtu! Nusu saa nzima nalisikia hilo ligurudumu lako linakwenda linarudi, linakwenda linarudi, nakuita hujibu. Una wazimu wewe?"

Nililala kifudifudi nikamwona kidogo. Alikuwa kwenye kile kibaraza cha mwamba, mguu umepinda vibaya, amekumbatia mzizi, na maji meusi karibu na kisigino chake. Baiskeli yake haikuonekana.

"Umevunjika?"

"Kama kijiti. Odile, mikono siisikii tena. Usiondoke."

"Siondoki."

"Sabine kaambiwa?"

"Kaambiwa."

"Mwambie sungura asimpe mbwa."

Nikaufunga wavu kwenye mti kwa fundo la Baba, nikamteremshia, akapitisha mikono yote miwili na kichwa, akakaa ndani yake kama samaki. Wakati namfunga akaniambia, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba alipita chini ya wavu kwa sababu ya sungura. Alijua habari za Rémi, kila mtu anajua, na bado akapita. Nikamwambia anyamaze, atunze pumzi. Kwa kweli nilitaka niusikilize ukungu. Haukuwa na kitu tena.

Sabine alisema hayupo, Bi Josette akawaita zimamoto, wakafika machimboni baada ya dakika ishirini na tano, nusu yao bado wamevaa nguo za baiskeli. Ghislain yuko hospitali, mguu una vyuma, anawachosha wauguzi. Amesema mwenyewe, kabla wavu haujamfikia alikuwa ameshaamua kuachia mzizi. Alikuwa anahesabu hadi mia moja.

Jumatatu nilikwenda ghalani. Baiskeli ya Rémi iko palepale kwenye ndoano, tangu siku wapiga mbizi walipoitoa. Hakuna aliyeigusa. Nililishika gurudumu la nyuma nikajaribu kulizungusha. Halikuzunguka hata kidogo, limeganda lote kwa kutu. Nilisimama pale muda mrefu, mkono wangu umekuwa mwekundu, na sikuogopa. Nilisikitika tu.

Fikiria unavyotaka kuhusu mlio. Mimi sibishani na mtu. Ninachokijua ni hiki. Mimi, niliyekuita mtia saini mbele ya jeneza, nilipewa karatasi ileile na nikasaini. Nilimfungia mtu wavu mgongoni mwake kwa mikono yangu mwenyewe, nikaita mara moja badala ya tatu, nikasaini. Sikuwa mwangalifu kuliko wewe, nilikuwa mbaya kuliko wewe. Mimi nilirudishwa. Wewe ulitaka kurudi, na aliyekuzuia ni mimi.

Neno lile nalirudisha, Aurélien. Lilikuwa langu tangu mwanzo. Naomba unisamehe. Na kama huwezi, nitaelewa, lakini usiendelee kulibeba, maana si mzigo wako.

Jana, tuliporudi kutoka kuweka maua kwenye mnara wa askari, nilimwambia Mama kila kitu. Nilimwambia nani alicheka na nani alishika kisu cha mkate. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Nilidhani hajasikia, nikaanza tena, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nimesikia. Masikio ndiyo yaliyobaki."

"Basi sema kitu, Mama. Nigombeze."

"Nikugombeze nini, mwanamke wa miaka sitini! Nina watoto watatu. Mmoja yuko udongoni, wawili wako hai, na miaka kumi na miwili nakula na mmoja." Akaweka kiazi chini. "Mwandikie. Na uandike wazi, si habari zako za maua."

Ndiyo hii nimeandika.

Tepe nilizozikata Jumapili zilikuwa mfuko mzima. Leo asubuhi nimezitoa, nikazifunga upya, kuanzia kituo cha basi, kupita darajani, kuzunguka kanisa, hadi kwenye lango letu. Kila njia panda ina mshale wa chokaa, na umeelekezwa vizuri, nimeukagua mara mbili. Watu wamenitazama kutoka nyuma ya mapazia. Wanitazame, hiyo ndiyo sinema yao ya msimu wa baridi. Mvua ikifuta mishale nitaichora tena.

Karatasi ya mwaka huu ninayo mimi, iko juu ya kabati la vyombo, jina langu likiwa limekatwa. Mzee Lucien amekuja kuidai mara mbili ili aifunge kwenye jalada. Nimemwambia sisaini, njia haijafungwa. Akaniuliza nani hajafika. Nikamwambia ahesabu vizuri. Akakaa kidogo na magongo yake, akahesabu, kisha akasema atangoja.

Wanakusalimu Mzee Lucien na Bi Josette, ambaye siku hizi hafuti miwani yake mbele yangu. Ghislain anakusalimu kutoka kitandani, na Sabine, aliyetuletea nusu ya yule sungura. Nisalimie sana wifi Maude na umbusu Clémence kwa nguvu. Mungu awatunze kwenye barafu hiyo, awape afya na njia nyeupe mbele yenu, na akulaze usingizi mwema, maana najua hulali.

Mama anasema supu hataifunika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliye bado njiani,

Odile